Njia ya Kupandia Kerisango

Kijiwe chetu kinaitwa Mizani kwa sababu kiko ubavuni mwa ghala la zamani la pamba, hapa Robanda, pale ilipokuwa inaning'inia mizani ya kijiji. Mizani ilishaondoka, pamba tembo waliikanyaga mpaka watu wakaichoka, likabaki gogo refu la kukalia, na sisi juu yake. Tunachopima siku hizi ni maneno, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba amepunjwa. Mimi ni fundi pancha. Wananiita Sulusheni, kwa ile gundi ya kubandikia viraka, na pampu yangu naiweka hatua mbili kutoka kwenye gogo ili kazi isinikoseshe habari. Kahawa ni ya Mama Agape, ambaye kanisani anaitwa Winfrida. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la mkaa, birika mbele, vikombe kwenye beseni la maji, na hasemi mengi. Wanaosema ni sisi.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa watano kama kawaida, nami nikiwemo. Alikuwepo Mzee Wangwe, Mkurya wa Tarime aliyeletwa huku na baba yake akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Tunamwita Karne, maana kwake kila jambo lilitokea karne iliyopita, hata mvua ya juzi. Alikuwepo Heche, mwenyeji wa hapa hapa, ambaye msimu mmoja alibeba mizigo ya wapiga picha wa wanyama, akarudi na jina la Darubini. Tangu hapo hakuna kitu ambacho hajakiona, ila kwa mbali. Werema alikaa miaka mitano mpakani Sirari, akarudi na maneno ya Kenya, kwa hiyo jina lake likawa Sirari. Wa mwisho ni Mwalimu Telesphory, Mhaya wa Kagera, anayefundisha historia sekondari. Serikali ilimleta miaka minane iliyopita na inaonekana imemsahau. Huyo ni Tarehe, kwa sababu ukimwambia umeota ndoto atakuuliza tarehe.

Tulikuwa tunabishana iwapo tembo anayekula shamba anaujua mpaka wa hifadhi au anajifanya haujui. Bodaboda ikasimama, akashuka Mokami. Huyu ni binti wa hapa kijijini, anatandika vitanda kwenye kambi moja ya watalii karibu na Lango la Ikoma. Alikuwa na sare ya kambi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na daftari amelikumbatia.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia wote, hata Werema ambaye hajafika arobaini.

— Wazee wangu, nina saa moja tu. Nisaidieni.

— Kaa kwanza, mwanangu, akasema Mzee Wangwe. Haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana sisi huwa tunawahi kufika hapa alfajiri.

Mokami hakukaa.

— Wageni wamechoka na wanyama, akasema. Siku ya kwanza wakiona simba wanatokwa machozi. Siku ya nne simba anapiga miayo na wao wanapiga miayo. Wanauliza, watu wa hapa zamani waliishije? Kuna mahali pa historia tunaweza kwenda asubuhi tukarudi jioni? Meneja akatuuliza wafanyakazi wote. Ngome ya Mjerumani wakaitaja, lakini hiyo inajulikana. Mimi nikataja Kerisango.

Gogo zima likakaa wima.

Kerisango ni kilima kilicho nyuma ya shule ya msingi, upande wa kijiji. Kichwani kina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, lakini ukiwa chini unaona mstari wa kijivu tu, kama mkanda umefungwa kwenye paji la uso. Hiyo ndiyo historia yetu. Tumekisimulia kilima hicho miaka na miaka. Mvua ikinyesha tunakisimulia, isiponyesha tunakisimulia zaidi.

— Nilipokuwa mdogo nikitumwa sukari nilipita hapa nikawasikia, Mokami akaendelea. Yote nimeyakumbuka, nikamwambia meneja, akapenda. Amekubali safari moja ya majaribio, leo hii. Wageni wawili, mke na mume, watu wazima. Gari litafika saa nne. Ikienda vizuri, natoka kwenye mashuka naanza kazi ya uelekezi. Isipokwenda vizuri, ataleta mwelekezi kutoka Arusha, na mimi nitatandika vitanda mpaka nizeeke. Nahitaji mtu mmoja anayekijua kilima, atangulie mbele. Mmoja tu.

Mikono mitano ikapanda. Wangu ulikuwa na grisi.

— Na huyu wa Kagera ananyoosha mkono wa nini? akauliza Heche. Utawaonyesha migomba?

— Mimi kilima hiki nimekisoma, akajibu Mwalimu.

— Kwenye kitabu gani?

— Hakijaandikwa bado.

Mama Agape akampa Mokami kikombe cha kahawa, akafungua mdomo.

— Mimi kule Kerisango...

— Mama Agape, niongezee na mimi, akasema Mzee Wangwe, akanyoosha kikombe. Haya, mwanangu. Watu hawawezi kwenda watano mbele, kilima kitaona tumekuja kukivamia. Sikiliza hadithi ya kila mmoja, utakayoipenda ndiyo huyo mtu. Penye wazee hapaharibiki neno.

Nikamwona Mokami akitazama saa ya simu yake, kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe. Alikuwa anatuamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

— Basi semeni kwa ufupi, akasema. Nani alijenga, na kwa nini.

— Andika, akaanza Mzee Wangwe. Karne iliyopita, kuta zile zilijengwa na saiga ya babu yangu.

— Saiga ni rika, Heche akamfafanulia Mwalimu, ambaye amelisikia neno hilo kwa miaka minane. Waliotahiriwa pamoja.

— Walijenga wafiche ng'ombe. Ng'ombe elfu moja, wote weupe.

— Tarehe? akauliza Mwalimu.

— Mwaka ambao rika liliitwa Nzige.

— Ndiyo mwaka gani?

— Mwaka ambao nzige walikuja. Mwalimu, ulisomea wapi wewe?

— Tata, mzee wangu, usidanganye mtoto, akaingilia Heche. Huku kwetu nzige walikuja miaka miwili kabla ya hao wa kwenu.

— Nzige wa kwenu walikuwa na haraka. Haraka haraka haina baraka, nilishasema.

Mokami akaandika: ng'ombe elfu, nzige mara mbili.

— Sasa mimi nakuambia nilichokiona kwa macho yangu, akasema Heche. Jiwe moja la pale juu linataka wanaume kumi na wawili kulisogeza. Waliojenga hawakuwa watu wa kimo chetu. Walikuwa warefu, mtu kama twiga. Kiti cha mkubwa wao kipo mpaka leo, kimechongwa kwenye mwamba, na pembeni kuna shimo la kuwekea fimbo yake.

— Ulikikalia? akauliza Mwalimu.

— Nilikiona.

— Ukiwa wapi?

— Kwenye gari la wapiga picha. Walikuwa na darubini ya bei mbaya.

— Manze, sikizeni, akasema Werema. Hizo ni stori za kulaza watoto. Kule Migori, upande wa Kenya, kuna kuta kama hizi, na watalii wanapelekwa kila siku. Sasa jiulizeni, kuta za aina moja zinawezaje kuwa pande mbili za mpaka? Hizi za kwetu zilivushwa. Ziliingia kwa njia za panya.

— Kuta? akauliza Heche.

— Jiwe moja moja. Ama unadhani magendo yalianza na sukari?

Kwa mtu aliyekaa Sirari miaka mitano ile ilikuwa hoja. Mama Agape akaosha vikombe viwili, akavikung'uta maji.

— Yale mawe ya mlangoni..., akaanza tena.

— Kahawa hii imepoa kidogo, Mama Agape, akasema Werema. Ipashe moto.

Akapuliza mkaa. Mimi nami nina kichwa, nikaona zamu yangu isinipite. Nikasema ukuta ule ni wa duara, duara ni ringi, na kwa uzoefu wangu kilima kile ni tairi la dunia lililopata pancha zamani, na zile kuta ni kiraka. Nilisema kwa utani. Mokami akaandika, na sikumzuia, kwa sababu hakuna siku mtu yeyote aliwahi kuandika neno langu.

Tulidhani Mwalimu ndiye ataturudisha kwenye mstari. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

— Ukizingatia ushahidi wote, akasema, Kerisango kilikuwa chuo kikuu.

— Cha nini?

— Cha historia. Kina madarasa ya duara, uwanja wa mahafali, na bweni. Sababu ya kutokuwa na maandishi ni kwamba mitihani ilikuwa ya mdomo.

— Na wahitimu wako wapi?

— Wote walifeli. Ndiyo maana hatujui kitu.

Mzee Wangwe akagonga fimbo chini kwa furaha. Hata akishindwa hoja yeye hufurahi, mradi hoja ni kubwa.

— Mwenda tezi na omo, akasema, marejeo ni ngamani.

— Ngamani ni wapi, Tata? akauliza Werema.

— Ni kule Bunda, akajibu Heche. Ukipita mizani ya malori.

Tulicheka mpaka bodaboda mmoja akasimama barabarani kutuangalia. Asiyecheka alikuwa Mokami. Alikuwa amejaza kurasa nne. Alizipindua mbele, akazirudisha nyuma.

— Wazee wangu, akasema polepole, nimeandika ng'ombe, watu warefu, magendo, pancha na chuo kikuu. Nimwambie mgeni lipi?

— Mwambie yote, akasema Mzee Wangwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wanakaa siku nne, kwa hiyo wanastahili majembe mawili.

Hapo gari la kambi likaingia, rangi ya majani makavu, likasimama mbele ya pampu yangu. Nyuma walikaa wageni wawili wenye mvi na kofia pana. Yule mama ndiye alikuwa wa kwanza kushusha mguu, na kiatu chake kilionyesha ni mtu wa kutembea. Dereva akashuka. Alikuwa kijana mrefu anayeitwa Raphael, mwenyeji wa Singida, wiki yake ya kwanza kazini.

— Shikamoo mzee. Habari zenu wakubwa. Dada Mokami, hawa ndio wenyeji wa kilima?

— Ndio, akasema Mokami, na sauti yake haikuwa na uhakika sana.

— Vizuri. Mimi nauliza kitu kidogo tu, nijue gari naliacha wapi. Njia ya kupandia iko upande gani?

Nimekaa kwenye gogo lile miaka kumi na minne. Nimesikia kimya cha msiba, na kimya cha siku timu yetu ilipofungwa nyumbani. Kimya kile kilikuwa kipya kwangu. Mzee Wangwe alichungulia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimedondokea humo. Werema akatoa simu, akaiweka sikioni, na haikuwa imeita.

— Inategemea, akasema Heche.

— Inategemea nini?

— Unatokea wapi.

— Natokea hapa.

Heche akakohoa.

— Labda mniambie hivi, akasema Raphael, na alikuwa anauliza kwa heshima kabisa. Mara ya mwisho mlipanda kwa wapi?

Nilitaka Mwalimu aseme kitu. Mwalimu alitaka mimi niseme. Mwishowe aliyesema alikuwa mkubwa wetu, na alisema akitazama ncha ya fimbo yake.

— Mura, kijana wangu, akasema, nisikilize. Sisi tulipokuwa wavulana tulichunga ng'ombe pale chini. Mvulana ambaye hajatahiriwa alikatazwa kupanda Kerisango. Ukipanda, baba anakuchapa, baba wa mwenzako naye anakuchapa, halafu usiku unaota ng'ombe wanakuita kwa jina.

— Na baada ya kutahiriwa?

— Baada ya kutahiriwa huchungi tena. Umeshakuwa mwanamume. Sasa mwanamume mzima apande kilimani kutazama mawe? Watu wakimuuliza anatafuta nini, atajibu nini?

— Kwa hiyo hujafika.

— Nimefika chini.

Raphael akamgeukia Heche, Heche akatikisa kichwa. Akanigeukia mimi. Nikamwambia nina miaka hamsini na mbili, nimezaliwa hatua mia tatu kutoka shuleni, na sijafika. Werema alisema yeye alitahiriwa Desemba, na Januari alikuwa Sirari. Mwalimu alisema alikuwa anasubiri wenyeji wampeleke.

— Miaka minane? akauliza Mokami.

— Sikutaka kuonekana nina haraka.

Mokami akafunga daftari. Hakutulaumu kwa neno hata moja, na ningefurahi kama angetulaumu. Alitazama wageni waliokuwa wanatabasamu bila kuelewa, akajitazama sare yake, akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kusema samahani kwa lugha ya watu. Niliona aibu ya kweli, ile inayowasha masikio. Sisi tulipoteza ubishi tu. Yeye alikuwa anapoteza kazi aliyoiota tangu anatumwa sukari.

— Gari liache kwenye kisima cha shule, ikasema sauti nyuma ya jiko.

Tukageuka. Mama Agape alikuwa anafuta mikono kwenye kanga.

— Njia iko mashariki, akaendelea. Unafuata njia ya mbuzi, unaacha mgunga mkubwa kushoto. Ukifika nusu kuna mawe mawili yamesimama kama miimo ya mlango, mtu mnene anapita ubavu. Hapo usishike ukuta wa kulia, kuna nyuki. Baada ya hapo ni mwinuko mdogo wa kupanda, mgeni mwenye goti bovu anaweza.

— Wewe umefika? akauliza Mzee Wangwe.

— Kila Desemba. Udongo mweupe tunaopaka nyumba zetu Krismasi mnadhani unatoka dukani? Unachimbwa ndani ya zile kuta. Wanawake wa kijiji hiki wamefika wote, ila mama yako wewe Mokami, maana nyumba yenu ni ya saruji.

— Lakini kumekatazwa, akasema Heche.

— Wamekatazwa wavulana. Sisi hakuna aliyetuambia kitu.

— Mama Agape, miaka yote hii tunabishana mbele yako, nikasema mimi, na wewe umenyamaza?

— Sulusheni, akaniambia, na hakuwa na hasira hata kidogo, miaka tisa nimekaa hapa. Mmeniuliza kitu kimoja tu, kama kahawa ina moto.

Mama Agape akasimama. Akazoa mkaa kwenye kopo, akatia kifuniko cha birika, akampa Mokami beseni la vikombe.

— Shika, mwanangu. Twende nikuonyeshe, wewe uwaambie kwa Kiingereza.

— Na sisi je? akauliza Mzee Wangwe, na nilisikia kwenye sauti yake kitu cha mtoto.

— Kahawa inapanda. Anayeitaka aifuate.

Tukaifuata. Nilifunga pampu kwa mnyororo, nikaacha tairi la mtu kwenye maji. Raphael aliwapakia wageni, Mokami na Mama Agape. Sisi tulitembea, Mzee Wangwe mbele kwa fimbo, na tulipofika kisimani walikuwa wanatusubiri. Yule mgeni mume alimpa Mzee Wangwe mkono na wakaenda hivyo wameshikana, wazee wawili wasioelewana lugha, wote wakilalamikia magoti.

Nilipoweka mguu kwenye njia ya mbuzi, mgongo wangu ukaanza kuwasha pale pale baba alipokuwa ananichapa. Nikacheka peke yangu. Heche alikuwa amevua kofia. Kwenye mawe mawili ya mlangoni Mwalimu ilibidi apite ubavu, akakwama, Werema akamsukuma, na Mokami akawaeleza wageni jambo ambalo liliwafanya wacheke. Sikumuuliza alisema nini. Alikuwa anacheka na yeye, na hiyo ilinitosha.

Juu kulikuwa na upepo. Kuta zilitufikia kifuani, mawe madogo, kila moja mtu mmoja anaweza kulibeba. Heche aliligusa moja, akalinyanyua kidogo, akalirudisha bila kututazama. Hakukuwa na kiti. Upande mmoja niliona mbuga imenyooka mpaka macho yakachoka. Upande wa pili niliona shule, mabati ya kijiji, na ubavuni mwa ghala la pamba mstari mweusi mdogo. Lilikuwa gogo letu, halina mtu. Nilifurahi mpaka nikaona haya, mtu mzima kama mimi.

Yule mama mgeni akauliza kitu, na Mokami akatutafsiria.

— Anauliza nani alizijenga.

Vifua vitano vikajaa hewa. Mama Agape akatutazama mara moja tu, hewa ikatoka.

— Sijui, akasema. Mama yangu hakujua. Bibi yangu alisema alizikuta.

Mokami alikuwa na daftari lenye kurasa nne za majibu. Alilitia chini ya kwapa, akawaambia wageni maneno hayo matatu ya Mama Agape, hakuongeza kitu. Yule mama akaweka kiganja kwenye jiwe. Kisha akasema jambo, na Mokami akatabasamu.

— Anasema kwao kuna ukuta wa namna hii. Hawajui nani alijenga, lakini wameweka bango lenye majibu yote. Anasema hapa ni bora.

Mama Agape akatupeleka kwenye kona ya ndani ambako ardhi imechimbika, nyeupe kama unga. Kuta za lile shimo zilikuwa na alama za vidole, michoro ya mikono iliyokwangua, mingine mipya, mingine imekauka na kuwa migumu. Mgeni mama alipiga magoti. Akaomba aguse, akapaka kidole, akajichora mstari shavuni. Mume wake akapiga picha.

— Kila nyumba ina mahali pake, akasema Mama Agape. Huingii kwa mwenzio. Hapa anachimba mama yake Ester. Pale ni petu. Hapa, Heche, ni pa mama yako, mpaka mwaka aliofariki. Hakuna aliyepagusa tena, ndiyo maana pamekauka.

Heche Darubini, aliyeona kila kitu kwa mbali, akasogea karibu. Zilikuwa alama nne na ya kidole gumba. Akaweka vidole vyake humo, vikazidi kidogo. Kisha akapangusa pua kwa mkono wa shati.

— Na mama yangu mimi? akauliza Mzee Wangwe. Au hakuja? Alikuwa mgeni, wa Tarime.

— Alikuja. Mama yangu alinionyesha. Alichimba kule pembeni kwa sababu ya ugeni, mwaka wa kwanza aliogopa kuomba mahali. Mwaka wa pili wakamwita aje katikati, akakataa, akasema pembeni pake pana udongo laini. Pale, chini ya lile jiwe jekundu.

Mzee akaenda. Ilibidi tumshike kiuno ili ainame. Alikaa pale muda mrefu, mkono ndani ya ukuta, na mgeni mume akamshikia fimbo. Alipoinuka alikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko, na machozi yanamtoka, na anacheka.

— Mgeni njoo, akasema, mwenyeji apone.

Mwalimu akanitazama, nikamtazama. Kwa mara ya kwanza methali ya Mzee Wangwe ilikuwa imekaa mahali pake. Hatukujua tufanye nini, tukampa nafasi kwenye jiwe akae.

Kahawa ikapitishwa. Wageni kwanza, dereva, Mokami, kisha Mzee. Mgeni mama alikunywa vikombe viwili, akaongea na Raphael kwa muda huku anaonyesha shimo, kuta, na Mokami.

— Dada, akasema Raphael, anasema mezani kwao kambini kuna wengine sita. Wanaondoka Alhamisi. Anataka waje huku Jumanne, na anataka amwambie meneja mwenyewe. Meneja nimwambie mwelekezi ni nani?

Mokami alijifuta vumbi kwenye nyusi, akapaka udongo badala yake.

— Mwambie tuko wawili, akasema. Mimi na Mama Agape.

Tulipiga makofi sote, hata nyuki wakasikia. Kisha Werema, ambaye akili yake hurudi haraka kwenye tumbo, akanyoosha kikombe. Mama Agape akainamisha birika. Likatoa tone moja na machicha.

— Imekwisha? akauliza Werema. Sasa na Jumanne itakuwaje? Tutakaa Mizani bila kahawa?

— Jumanne kahawa iko huku juu, akasema Mama Agape, akafunga birika. Njia mnaijua.